Chaza wa Shemeji na Mashine ya Barafu

Jumatatu, 3 Machi
Bwana Jumla anakuja Alhamisi! Ndiye afisa anayepima mavuno ya samaki na chaza wa kufugwa, pwani yetu yote. Jina tulimpa sisi: kila sentensi yake huishia "kwa jumla." Safari hii ana mashine moja ya barafu ya kumpa mfugaji. Mfugaji gani? Swali gani hilo! Mwenye mavuno makubwa, bila shaka. Wiki iliyopita nusu ya chaza wangu waliniozea njiani kwenda sokoni. Mashine hiyo ni yangu.

Tatizo: shemeji, kaka wa mke wangu, ana vikapu vingi vya chaza kuliko mimi.

Jumanne, 4 Machi
Dawa imepatikana. Nimemwambia shemeji kaa wamevamia upande wake, wanatafuna chaza; afadhali vikapu vyake vining'inie kwenye kamba zangu hadi Ijumaa. Akauliza kama kaa hao wananiogopa mimi. Nikasema kwangu mkondo ni mkali. Akacheka, akakubali. Hata kubeba alinisaidia, maskini!

Mke wangu kauliza mbona natabasamu peke yangu. Nikasema mgongo unauma. Unauma kweli.

Alhamisi, 6 Machi
Bwana Jumla kapima mpaka mizani ikalia. Akasema mimi peke yangu nimeyapandisha mavuno ya pwani, kwa jumla. Nikavimba kama bunju. Kisha akavuka kwa shemeji, akakuta kamba tupu zinaelea. Shemeji kajiinamia kama mfiwa, akalalamika kwamba bahari haina huruma.

Mashine kapewa shemeji. Ilikuwa ya aliyevuna kidogo kuliko wote! Mimi nimepewa mkono wa pongezi.

Ijumaa, 7 Machi
Shemeji kaja kuchukua vikapu vyake. Mke wangu kamsaidia, wanacheka ndugu hao hadi machozi. Eti tangazo la mashine lilibandikwa ukutani sokoni tangu mwezi jana. Mimi sina mazoea ya kusoma kuta.

Jumamosi, 8 Machi
Nimeamka na akili mpya. Kosa langu nimelijua: nilionekana tajiri! Mwakani nitakuwa fukara wa mafukara. Nimemwomba shemeji aje anitunzie vikapu vyangu vyote siku ya kupimwa. Kakubali kabla sijamaliza kusema. Akauliza tu kama nimesoma tangazo jipya pale sokoni. Nikamwambia mambo ya akili aniachie mimi.

Watu wema bado wapo, kwa jumla.