Pacha Wangu Eusebio

Jumapili, 6 Mei 1973

Jina langu limesomwa kanisani leo. Tangazo la kwanza kati ya matatu. Benedikto Nandonde wa Temeke anakusudia kufunga ndoa na Filomena Mchopa wa Temeke, mwenye kujua kizuizi amwone paroko. Kanisa zima likageuka. Nilivaa suti ya kuazima, inabana makwapa, ila kwa mbele inapendeza. Hakuna aliyesema neno. Bado Jumapili mbili, halafu harusi Jumamosi ya tarehe 26.

Saa nane mchana nikawa jukwaani Kinondoni kwenye bugi, lile dansi la mchana la vijana. Suruali ya pekosi iliyopanuka chini, viatu vya raizoni vyenye soli ndefu, miwani nyeusi. Mimi ndiye mpiga gitaa la solo wa Radi Bendi. Hatupigi rumba sisi. Tunapiga roki, muziki mzito, mpaka mabati ya ukumbi yanatetemeka. Asubuhi nimemsifu Mungu kwa sauti ya nne ya kwaya, mchana nimemsifu kwa umeme. Sioni tofauti kubwa.

Mama Anastasia anaiona. Huyu ni mama yake Filomena, tena mwenyekiti wa akina mama wa parokia. Alikubali posa kwa sharti moja, kwamba niachane na makelele hayo. Nilimwambia nimeacha tangu Januari.

Wimbo wa tatu nikainua macho. Mlangoni amesimama Kornelio, mwalimu wa kwaya, ambaye alimtaka Filomena kabla yangu. Sijui alifuata nini Kinondoni. Alinitazama wimbo mzima, kofia mkononi.

Jumatatu, 7 Mei

Nimetoka kiwandani, nimeitwa kwa Mama Anastasia. Kornelio yupo, anakunywa chai. Filomena anashona pembeni, cherehani yake haisimami.

Mama akaniuliza kwa upole, eti nilikuwa wapi jana mchana. Nilifungua mdomo ili niseme kweli. Naandika hapa, Mungu shahidi, nilikusudia kweli. Kilichotoka ni kwamba yule wa Kinondoni ni pacha wangu.

Cherehani ikasimama.

Kornelio akauliza jina lake. Nikasema Eusebio. Akauliza kwa nini hatujawahi kumsikia. Nikasema kwa aibu, kwa kuwa ameiacha imani na kufuata magitaa. Mama Anastasia akashika shavu, machozi yakamtoka. Kornelio alirudi kwenye chai yake. Ushindi mkubwa.

Wala si uongo. Katekista alitufundisha kwamba Mtakatifu Paulo anasema ndani ya kila Mkristo wamo watu wawili, mtu wa kale na mtu mpya, nao hawapatani. Mimi nimempa tu mtu wa kale jina.

Jumatano, 9 Mei

Akina mama wa parokia wameanza novena ya kumwombea Eusebio arudi kundini. Siku tisa, kila jioni, nyumba kwa nyumba. Mimi nimekuwa kwenye kwaya miaka minne na sijawahi kuombewa hata siku moja. Nimeona wivu kidogo.

Jioni akaja mwenye nyumba wangu, Bi Mwanaasha, ambaye pia ni balozi wetu wa nyumba kumi. Amekutana na Mama Anastasia sokoni. Amekuja na daftari la wageni. Akataka kujua tangu lini watu wawili wanalala chumba alichompangisha mtu mmoja, na kwa nini mgeni hakuandikishwa. Chama kinataka kila mtu ajulikane. Nikamwandikisha Eusebio. Saini yake nikaiweka kwa mkono wa kushoto, ni mbaya lakini ina haiba.

Bi Mwanaasha akafunga daftari, akasema vizuri, basi Jumamosi kwenye kazi ya kujitolea anawahesabu vijana wawili kutoka chumba hiki. Tunachimba msingi wa darasa. Nikamweleza kwamba ndugu yangu halali hapa kila siku. Akasema akishaandikwa amekwishalala.

Ijumaa, 11 Mei

Nimefanya kosa dogo. Mama Anastasia aliniuliza kati yetu nani alitangulia kuzaliwa. Nikaona nikisema mimi nitaonekana najikweza. Unyenyekevu ni tunu ya Kikristo. Nikasema Eusebio, kanitangulia robo saa.

Mama akaweka kikombe chini. Akasema kwao Masasi mdogo hamruki mkubwa. Nikioa kabla ya kaka yangu nitakuwa nimemtukana, na ndoa iliyoanza kwa matusi haina baraka. Nikamwambia robo saa si kitu. Akasema hata dakika moja, mkubwa ni mkubwa.

Ila nisiwe na hofu. Ana binti ya dada yake, Felicitas, mcha Mungu, ana nguvu, hajapata mchumba. Atamwozesha Eusebio kwanza, na akishampata mke kama huyo atarudi kanisani mwenyewe. Harusi mbili siku moja, ya Eusebio saa tatu, yangu saa nne.

Filomena alinitazama kama mtu anayetazama kitambaa kilichokatwa vibaya.

Jumamosi, 12 Mei

Siku mbaya. Nilichimba msingi saa moja mpaka saa nne nikiwa Benedikto. Nikaaga kwamba naenda mazoezi ya kwaya. Nikabadilisha nguo, nikarudi na pekosi, miwani nyeusi na raizoni, nikachimba saa nne na nusu mpaka saa saba nikiwa Eusebio. Kuchimba kwa raizoni si jambo la kumshauri adui. Nilianguka shimoni mara mbili. Bi Mwanaasha akawaambia watu kwamba huyu mrefu ana bidii kuliko mwenzake.

Kwenye bugi sikuweza kubonyeza nyuzi, vidole vyote malengelenge. Jabiri, mpiga ngoma na kiongozi wetu, akakasirika. Nikamweleza shida yangu yote. Alisikiliza, kisha akasema kitu ambacho nimekiandika jinsi kilivyo: "Braza, mie Mwislamu. Alasiri ikiingia naweka vijiti chini, naenda kuswali, narudi. Msikitini wananijua mie mpiga ngoma, ukumbini wananijua mie naswali. Jina langu moja kotekote. Wewe unaogopa nini?"

Nikamwambia mambo ya Kanisa Katoliki ni mazito, hawezi kuyaelewa.

Jumapili, 13 Mei

Tangazo la pili. Hakuna kizuizi. Padre Fransis, paroko wetu, akaongeza ombi kwa ajili ya Eusebio, akasema anatamani kumwona. Mzee mmoja nyuma yangu akaitikia amina kwa nguvu kuliko alivyoitikia tangazo langu.

Saa nane nipo jukwaani, naanza wimbo wa kwanza. Wakaingia akina mama sita wamejifunga vitenge vya parokia, rozari mikononi, Mama Anastasia mbele na Felicitas nyuma yake. Vijana wakawapisha. Wakasimama chini yangu kabisa, mbele ya spika.

Kukimbia siwezi, waya wa gitaa ni mfupi. Nikapiga. Kwa hofu nilipiga kuliko nilivyowahi kupiga maishani. Nilipiga kwa meno, nilipiga kwa kulala chali. Sauti ilinguruma mpaka mama mmoja akaziba masikio kwa rozari. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Felicitas naye alipiga, nilimwona.

Wimbo ulipoisha Mama Anastasia akapanda jukwaani. Akanishika mkono wenye malengelenge. Akasema, "Mwanangu Eusebio, ndugu yako anakupenda sana, hana raha kwa ajili yako. Na sie tunakupenda. Rudi nyumbani." Nililia. Si kwa kuigiza, nililia kweli, miwani ikajaa maji. Sijawahi kuambiwa maneno kama hayo nikiwa Benedikto.

Wakiondoka nikamsikia Felicitas akisema huyu ana sura nzuri kuliko mdogo wake.

Jumanne, 15 Mei

Eusebio lazima aondoke. Nimekaa kitandani nikapanga mambo. Wazo la kwanza, amehamia kijiji cha ujamaa huko Rufiji. Zuri, tena la kizalendo. Lakini Bi Mwanaasha atataka barua ya uhamisho, na Mama Anastasia atapanda basi amfuate. Wazo la pili, amekwenda kusoma upadre. Watampenda zaidi.

Wazo la tatu ndilo lililobaki. Maiti haombwi barua. Nimemwambia Mama Anastasia kwamba Eusebio kaangukiwa na nazi huko Kinyerezi, alikokwenda kumtembelea rafiki, na jamaa wa huko wamekwisha kumzika. Nikaongeza kwamba alitubu kabla ya kukata roho. Nilitaka apate kitu cha kumfariji.

Moyo mwepesi. Jumapili tangazo la tatu, kisha harusi.

Alhamisi, 17 Mei

Matanga yamekuwa makubwa. Tangu jana uani hapatoshi. Bi Mwanaasha ametandika mikeka, anapika wali, amekata jina la Eusebio daftarini huku analia, kwa kuwa alikuwa mchimbaji mzuri. Mzee Bakari, msimamizi wetu wa kiwandani, kanipa ruhusa ya msiba siku tatu na kuwaleta wafanyakazi wenzangu kwa lori. Jabiri kaja, kaninong'oneza kuuliza kama marehemu atapiga Jumamosi. Kornelio kaleta kwaya nzima. Wameimba nyimbo zote za wafu, beti zote. Naamini anajua.

Wamenyoa nywele zangu, ndivyo tunavyofanya sisi wa kusini. Afro ya miaka miwili!

Halafu Mama Anastasia akasimama mbele ya wafiwa, yaani mimi. Akasema hakuna harusi kwenye nyumba yenye msiba mbichi. Tangazo la tatu lisisomwe. Tungoje arobaini iishe, pengine tungoje hata mwaka, kwa heshima ya kaka mkubwa. Watu wote wakaitikia ndivyo.

Mtu mmoja tu hakulia msiba wote. Nilikwenda nyuma ya jiko nikamkuta anaosha sahani. Nikamwita Filomena. Hakugeuka. Akasema, "Ile pekosi ya marehemu nimeishona mie. Pindo la kushoto nililikosea. Nikalitazama Jumamosi linachimba msingi." Akaendelea kwamba yeye hakukubali posa kwa ajili ya sauti ya nne. Alikubali kwa kuwa alinisikia Kinondoni mwaka juzi, akaona huyu mtu haogopi kitu. Sasa anaona alikosea na hilo pia.

Akasema ninao muda mpaka Jumapili. Niseme mwenyewe, mbele ya watu wote niliowaliza, kwa jina langu. Nisiposema, yeye atakwenda kwa Padre kufuta jina lake, wala hatarudi nyuma. Sijapata kuogopa hivi, hata jukwaani sikuogopa hivi. Namtaka Filomena. Naandika tena, namtaka.

Jumapili, 20 Mei

Nimesema.

Baada ya matangazo nilisimama, kipara changu kinang'aa, nikasema Eusebio hakufa kwa sababu hakuzaliwa. Mpiga gitaa ni mimi. Mchimbaji ni mimi. Aliyelia jukwaani ni mimi. Halafu yule mzee wa amina akauliza kwa sauti ile nazi basi ilimwangukia nani.

Padre Fransis alishika mimbari, mabega yanamtikisika. Alipopata sauti akasema kupiga gitaa si kizuizi cha ndoa, hajaliona popote katika sheria za Kanisa. Mungu amekuumba mmoja, akasema, wewe ukajigawa, ukamwachia mwenzio maisha yako yote mazuri na mabaya. Kitubio changu: nipite kila nyumba iliyokuja matangani, gitaa begani, nikiomba radhi. Na siku ya Pentekoste nije nalo kanisani, kwa sauti ya chini.

Mama Anastasia aliningoja nje. Akasema siku za novena hazirudi, zihesabiwe kwangu, kwa maana ni dhahiri nilizihitaji. Tangazo la tatu litasomwa Jumapili ijayo. Gitaa atalivumilia. Uongo hatauvumilia, hata mmoja, hata mdogo. Siku atakaposikia uongo mwingine posa inarudi na mlango unafungwa. Filomena akacheka, mara ya kwanza baada ya wiki mbili, akanigusa kipara.

Nimekwisha kupita nyumba saba. Nimelala mchana kama mtoto. Sasa najua kweli ni nyepesi, mtu haibebi, inatembea yenyewe. Nimeapa.

Jumatatu, 21 Mei

Mzee Bakari ameniita kiwandani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa unyonge. Mbele yake fomu ya ruhusa ya msiba. Amesikia watu wakisema kwamba huyo ndugu aliyekufa hakuwahi kuwapo. Yeye hapendi umbea, amesema, ananijua mimi ni mtu wa kanisani. Lakini ofisi kubwa inauliza, siku tatu na lori vilitoka kwa msiba wa nani. Kama hakuna marehemu, itabidi aandike.

Nikafungua mdomo ili niseme kweli. Nilikusudia. Nilimwona Filomena kabisa, nikamwona na mama yake.

Nikasema ni kweli, huyo Eusebio hakuwapo, watu wamesema sawa. Aliyefariki ni Kasiani. Tulizaliwa watatu, wa tatu hata jina hakuwahi kupata.

Mzee Bakari akavua kofia. Akasema mapacha watatu, na sasa umebaki peke yako, masikini. Akaandika jina kwenye fomu kwa mwandiko mzuri. Kisha akasema wenzangu hawakujua wanamlilia nani, si haki, kwa hiyo leo saa kumi na moja jioni lori litakwenda tena kutoa pole. Hawatakuja kwangu, chumba ni kidogo. Wataenda kwa mama mkwe wangu.

Sasa ni saa tisa. Nina saa mbili za kufikiri, na tayari nina wazo.