Fundi Asiyewasha Injini

Hakuna fundi aliyejaliwa masikio kama Sikio! Hayo ni maneno yake mwenyewe, na aliyasema kila asubuhi kabla hata ya kunawa uso. Mafundi wengine huwasha injini. Yeye alimtaka mwenye pikipiki aigize mlio kwa mdomo, yeye afumbe macho, kisha atoe hukumu.

Siku moja akaja mkunga, mama wa makamo mwenye begi begani, akisukuma pikipiki ya kizamani, ile ya karbureta.

"Mwanangu, nisaidie upesi. Binti yangu ameshikwa na uchungu, presha iko juu, na daktari kakataza kabisa asishtuliwe. Na hili dude nikiachia mkono wa mafuta tu, linalipuka! Nitafikaje pale na mabomu?"

"Linalipuka vipi? Igiza."

"Niigize?"

"Kwa mdomo, mama. Siri yote iko hapo."

Mkunga, mtu mzima na heshima zake, akatazama huku na huku. Cherehani ya fundi nguo wa jirani ikanyamaza.

"Pa," akasema kwa aibu.

"Hiyo ni pa ya kikombe kilichoanguka, mama! Itoe tumboni!"

"PAA!"

Kuku wakatawanyika. Sikio akatikisa kichwa kwa huruma.

"Karbureta hiyo. Hewa nyingi, mafuta kidogo. Lazima niishushe yote."

"Lakini mwanangu, ikilipuka kuna joto linanipuliza mguuni, kwenye muundi, hapa bomba la moshi linapoungana na injini. Tena pamejaa masizi. Ungewasha tu uone..."

"Shhh! Usinichafulie masikio! Injini ikiwaka nitasikia nini?"

Akafumba macho, akashika kiuno, akaanza kuipitia milipuko yote aijuayo. Paa ya plagi! Pwaa ya vali! Pa-pa-pwaa ya mafuta machafu! Jasho likamtiririka, mishipa ya shingo ikamtoka, wapita njia wakasimama, na waliosimama mbele wakajuta. Mwenyewe alikuwa na raha ambayo hajapata kuionja tangu azaliwe. Alipomaliza ile PAAA ya mwisho, ndefu kuliko zote, akafumbua macho na kunyoosha kidole.

"Si nilisema? Karbureta!"

Kidole kilielekea ukutani. Pikipiki haikuwapo. Mama hakuwapo.

"Wako wapi?"

Fundi nguo alikuwa akijifuta machozi kwa kitambaa cha mteja.

"Kachukua spana yako hapo chini, kakaza nati mbili za bomba la moshi, kaiwasha. Akaachia mafuta, akashika tena, akaachia. Haikupiga hata chafya! Kaenda zake kwa mwanawe."

"Ndiyo aondoke bila kuaga?" Sikio alinuna. "Watu wengine hawana adabu!"

"Alikuaga, fundi. Mara mbili. Hukusikia."