Debe la Shilingi Tano na Senti Hamsini

Kitale,
11 Juni 1952

Kwa Bwana Mhariri,
Gazeti la Mjumbe wa Magharibi.

Bwana Mhariri mpendwa,

YAH: BEI YA JUMLA YA MAHINDI ISIYOPATIKANA MAHALI POPOTE

Nakusalimu kwa heshima, nikitumaini kwamba wino wako bado unanunulika.

Mimi ni mwandishi wa bei. Kwa miaka kumi na tisa nimesimama kila Jumamosi katika soko la Kitale na kila Jumatatu katika soko la Bungoma, nikaandika bei za jumla nilizoziona kwa macho yangu, na kila Jumanne nikazituma Nairobi kwenye Ofisi ya Bei za Jumla. Siandiki nilichosikia. Siandiki nilichoambiwa na mwenye kuuza. Sijawahi kukosea hata senti tano, na hilo nalisema kwa sababu ni kweli.

Ninaandika kwa ajili ya Wekoye, mwenye duka la nafaka karibu na stesheni ya Bungoma. Si ndugu yangu wala shemeji yangu. Mwezi wa Februari Ofisi iliigawa nchi katika kanda, ikaziweka Kitale na Bungoma ndani ya kitu kinachoitwa Kanda ya Saba, mahali ambapo sijawahi kukutana na mtu aliyezaliwa huko. Kila kanda ikapewa bei moja kwa kila bidhaa, na ikatangazwa kwamba mfanyabiashara atakayeuza kwa jumla juu ya bei hiyo atanyang'anywa leseni. Debe la mahindi ni shilingi tano Kitale na shilingi sita Bungoma. Ofisi ikajumlisha, ikagawa kwa mbili, ikachapisha shilingi tano na senti hamsini. Mwezi wa Mei Wekoye aliiuzia shule moja madebe arobaini kwa shilingi sita kila debe, kama anavyouza kila mtu mjini pale. Sasa ameitwa mbele ya baraza la leseni Jumatatu tarehe 23 Juni, saa mbili asubuhi. Leseni ikienda, duka linafungwa, na wanawake zaidi ya thelathini wa Kibabii wanaomletea mahindi watakuwa na mavuno mwezi wa Agosti na hawatakuwa na mnunuzi.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Bei ya shilingi tano na senti hamsini haipo. Nimeitafuta kwa wiki sita. Kitale ukimpa mwuzaji tano na hamsini anakurudishia senti hamsini na kukutazama kwa huruma. Bungoma ukimpa hiyohiyo anaendelea kunyoosha mkono. Ofisi imetunga sheria inayomlazimisha mtu kuuza kwa bei ambayo haijawahi kutamkwa na kinywa chochote, isipokuwa kinywa cha karani ambaye, nina hakika, hajawahi kushika debe.

2. Ofisi imepanga bidhaa katika makundi. Mahindi na maharagwe yamewekwa katika Kundi la Tatu, pamoja na parafini, kamba za katani na gris ya magurudumu. Mwezi wa Aprili parafini na gris zilishuka bei, mahindi hayakushuka, na Ofisi ikatangaza kwamba Kundi la Tatu limeshuka kwa asilimia nne na wananchi wa Kanda ya Saba wanapaswa kushukuru. Nilimsomea mke wangu Dinah tangazo hilo. Aliniuliza kama gris hukaangwa na kitunguu au bila kitunguu. Naiuliza Ofisi swali hilohilo, na nangoja jibu kwa maandishi.

3. Kwa kuwa mimi ni mtu wa haki, nilifikiri huenda bei hiyo ipo ila haiko mjini. Ikiwa Kitale ni tano na Bungoma ni sita, basi tano na nusu lazima ikae katikati ya njia. Tarehe 29 Mei nilipanda baiskeli, nikahesabu maili ishirini na tano kutoka Kitale, nikashuka mahali karibu na mto Kamukuywa. Palikuwa na shamba la viazi vitamu, na ndani yake mama mmoja aitwaye Wilkista akichimba. Nilimweleza kwa adabu kwamba, kwa hesabu ya Serikali, hapo aliposimama ndipo penye bei halali ya mahindi. Alisimama, akatazama kulia na kushoto.

“Basi waambie wailete mapema,” alisema. “Mimi nikienda kuteka maji sirudi hapa mpaka jioni.”

Nimeiandika ziara hiyo katika daftari langu. Mahindi yaliyoonekana: hakuna. Bei: hakuna.

4. Ofisi inadai kwamba tofauti ya shilingi moja kati ya miji hii miwili ni ulafi wa wafanyabiashara wa Bungoma. Kama ni ulafi, kwa nini walafi wa Kitale hawajaifuata shilingi hiyo? Mohamud, anayeuza nafaka kwa jumla upande wa msikitini Kitale, ana lori. Angeweza kupeleka madebe mia mbili Bungoma na kurudi na shilingi mia mbili zaidi. Nilimwuliza mbona hafanyi hivyo. Alikuwa akimpimia mteja, akipitisha kile kijiti chake juu ya mdomo wa debe mpaka mahindi yakawa sawa kama meza, kazi anayoifanya polepole mno na ambayo imenipotezea Jumamosi nyingi.

“Nilipeleka mara moja, Bwana Bei,” alisema. “Wallahi, faida ilipotelea hukohuko Bungoma. Mpaka leo sijui ilianguka wapi.”

Mke wake Khadijo, aliyekuwa akishona magunia, alisema kwamba yeye anajua: ilianguka pale ambapo mume wake alijiona ana akili kuliko wenye mji. Mimi nina maelezo bora. Ni barabara. Barabara ya Kitale hadi Bungoma inakula shilingi moja kwa kila debe, na Ofisi, badala ya kuishtaki barabara, imemshtaki Wekoye.

5. Kuhusu Wekoye mwenyewe. Ananunua kwa wanawake wa Kibabii kwa shilingi tano na senti sitini. Ofisi inamtaka auze kwa tano na hamsini. Nilimkuta dukani Jumatatu iliyopita, ameketi juu ya gunia huku barua ya baraza imekunjwa mfukoni. Mke wake Peris ndiye aliyekuwa akipima. Alimwaga mahindi kwenye debe kwa ungo, akaongeza, akaongeza tena mpaka yakaanza kuteleza pembeni, kwa ule ukarimu wa Bungoma ambao huchelewesha foleni nzima. Nilimwuliza Wekoye atafanya nini.

“Nikiuza kwa bei yao nitaulisha mji kwa wiki tatu,” alisema. “Baada ya hapo mji unilishe mimi.”

Peris hakucheka. Alisema kwamba wanawake wa Kibabii wameanza kumwuliza kama Agosti waje au wasije. Kisha akanigeukia mimi. “Wewe ndiye unayewaandikia bei, mzee Wakhungu. Huwezi kuwaandikia hili?” Ndilo ninaloandika.

6. Kama Ofisi inashikilia kwamba wastani ndio ukweli, basi ninaomba ukweli huo utumike bila upendeleo. Kwanza, Mohamud aitwe pia barazani, kwa maana shilingi tano iko mbali na tano na nusu sawasawa na sita. Haiwezekani mmoja awe mhalifu na mwingine awe mfano mwema. Pili, mshahara wa Mkuu wa Ofisi ujumlishwe na mshahara wa mtu anayefagia Ofisi hiyo, ugawanywe kwa mbili, na kila mmoja alipwe nusu moja mwisho wa mwezi. Mfagiaji sijamwuliza, lakini sioni sababu ya yeye kukataa. Tatu, kama hayo ni mazito, miji yote miwili ihamishwe maili ishirini na tano, Kitale ishuke na Bungoma ipande, ikutane shambani kwa Wilkista, pamoja na stesheni mbili, misikiti, makanisa na baraza la leseni lenyewe. Nimepita tena kumwarifu. Hana pingamizi, mradi wasikanyage viazi.

7. Mwisho, nimesikia kwamba wakili wa Ofisi atasema barazani kuwa huenda takwimu za Bungoma zilikosewa na mwandishi. Bwana Mhariri, takwimu hizo ni zangu. Natoa ahadi hii hadharani: mtu yeyote akithibitisha kwamba bei zangu za mahindi za Kitale na Bungoma zina kosa, hata moja, nitasimama katikati ya soko la Bungoma siku ya soko nikiwa nimevaa debe kichwani, tangu asubuhi hadi adhuhuri, na Mkuu wa Ofisi anakaribishwa kuja kuligonga kwa mkongojo wake.

Ninaomba uichapishe barua hii yote bila kupunguza kitu, kabla ya tarehe 23. Usipoweza kuichapisha yote, chapisha namba ya kwanza na namba ya saba.

Nisalimie wapanga herufi wako, ambao najua wanakula ugali kwa bei ya kweli. Msalimie yule mzee wa mlangoni anayepokea barua zangu na kuziweka chini ya nyingine. Nyumbani kwako wote wape salamu, wakubwa na wadogo, kila mmoja salamu yake nzima, pasipo kugawanywa kwa mbili.

Ni mimi, nisiye na shaka na hesabu zangu,

Eliakim Wakhungu
Mwandishi wa Bei, Kitale na Bungoma

Nyongeza, Bungoma, 16 Juni.

Barua hii ilikaa kwenye mkoba wangu siku tano kwa sababu nilitaka kuitia nguvu. Jumamosi nilinunua kwa Mohamud debe moja la mahindi kwa shilingi tano, nikalitia kwenye mfuko na kuja nalo Bungoma leo, ili tarehe 23 tuweke mbele ya baraza mahindi ya tano karibu na mahindi ya sita, wayaone yalivyo sawa.

Peris aliyamwaga mahindi ya Kitale ndani ya debe lake. Yalifika mdomoni, yakaishia hapo. Aliutikisa mfuko. Akaniangalia.

“Kichwa chake kiko wapi, mzee?”

Nilimwambia hilo ni debe kamili, ndivyo linavyouzwa Kitale.

“Hapana,” alisema. “Hii debe imenyolewa.”

Tulikwenda stesheni, kwenye mizani ya mizigo. Debe la Mohamud lililopigwa kijiti lilikuwa ratili thelathini. Debe la Peris lenye kichwa, yaani lililorundikwa kupita mdomo, lilikuwa ratili thelathini na sita. Shilingi tano kwa ratili thelathini, shilingi sita kwa ratili thelathini na sita: nimegawa mara tatu nyuma ya bahasha hii, na kila ratili moja inatoka na bei ileile. Mahindi ya Kitale na mahindi ya Bungoma hayajawahi kutofautiana bei. Kijiti nimekiona kila Jumamosi na kichwa nimekiona kila Jumatatu kwa miaka kumi na tisa, nikalalamika kwamba vinanichelewesha. Katika safu zote mbili nimeandika debe.

Karani wa Nairobi alijumlisha na kugawa sawasawa. Alichogawa ndicho kilichokuwa kibovu, nacho kilitoka kwangu. Barabara haina hatia. Khadijo alikuwa na haki: faida ya mume wake ilimezwa na vichwa vya madebe ya Bungoma. Kwa hiyo naomba ufute malalamiko yangu yote, isipokuwa namba ya pili, kwa maana gris bado ni gris.

Hii uliyo nayo ni nakala. Barua yenyewe nimemkabidhi Peris aipeleke barazani Jumatatu ijayo, kwa kuwa Wekoye hana ushahidi mwingine wenye sahihi ya mtu aliyekosea. Nitakuwa mlangoni saa mbili kasorobo pamoja na madebe mawili, moja lenye kichwa na moja lililonyolewa, na mizani ya kuazima. Peris amewaambia wanawake wa Kibabii waje Agosti.

Ahadi ya namba ya saba nitaitimiza siku hiyohiyo, baada ya baraza. Wekoye ameniuliza nitavaa debe la Kitale au la Bungoma. Nimeyajaribu yote mawili. Yakiwa matupu, ni sawa kabisa.