Jinsi Peninah wa Mount Druitt Alivyokaa Kitako

Njoni, enyi mlio na masikio, nanyi mlio na simu zizimeni; sogeeni mketi, maana habari hii yenyewe ni ya kuketi. Sitawasimulia vita vya wafalme. Wafalme walikuwa na watumishi, na kukaa kwao hakukuwa kazi. Nitamsimulia Peninah wa Mount Druitt, Mwinua-Walioanguka, Mvalisha-Soksi, jemadari wa zamu za alfajiri katika nyumba moja ya kutunzia wazee kule Lidcombe, ambaye kwa miaka kumi na mitatu katika nchi hii ya ugenini hakupata kunywa chai iliyomiminwa na mkono wa mtu mwingine. Mumewe naye alikuwa na mikono, lakini hayo tuyaache.

Ikawa, katika bahati nasibu ya kanisa kule Granville, mbingu zikamkabidhi zawadi ya kwanza: yeye na mumewe Cheruiyot walale usiku mmoja katika nyumba ya wageni ya Kijapani, mtaa wa Surry Hills. Zawadi ya pili ilikuwa mashine ya kukaangia kuku, nayo, tuseme kweli, ndiyo aliyoitaka.

Nyumba hiyo ilikuwa ya fahari isiyo na kifani. Ilijengwa zamani kwa ajili ya vibarua, nyembamba, imebanwa na jirani zake kulia na kushoto. Kisha wakaja wenye maarifa wakaikarabati kwa miaka mitatu, wakaondoa viti vyote, wakaondoa televisheni, wakaficha matandiko kabatini, na milango wakaitengeneza kwa karatasi. Kadiri ilivyopungukiwa ndivyo ilivyosifiwa. Peninah, aliyekulia katika nyumba isiyo na viti bila kusifiwa na mtu, akavua viatu mlangoni akaingia.

Lakini kabla ya hapo, ndani ya treni, Cheruiyot alikuwa amemhutubia. "Mama Kiprop, sikia maneno yangu. Leo hakuna shift. Hakuna roster, hakuna buzzer, hakuna mgonjwa wa kugeuzwa kitandani. Kazi yako ni moja tu: ukae, uhudumiwe. Nami nakwambia kwa sababu naogopa. Ukishindwa kukaa hata jioni moja, nitajua hii kazi imekumaliza, na kile ninachoishi nacho ni uniform."

Maneno hayo yalimuuma, kwa kuwa hofu hiyo alikuwa nayo yeye mwenyewe. Akaapa mbele ya abiria wote: "Baba Kiprop, nimesikia. Nitakaa mpaka wenyewe washangae!"

Shambulio la kwanza lilikuja saa kumi. Mlango wa karatasi uliteleza, akaingia mwenye nyumba, Bi Hisako, bibi wa miaka sabini na minane, akapiga magoti na sinia la chai. Umri ule Peninah aliujua vizuri. Kazini ndio umri wa watu anaowaogesha. Kabla sinia halijagusa mkeka, shujaa wetu alikwisha kuruka, akalipokonya, akamimina chai mwenyewe, tena akamuuliza mwenye nyumba kama angependa sukari. Cheruiyot akafumba macho. Kiapo kilikuwa kimeishi dakika ishirini tangu waingie.

La pili lilikuja saa kumi na mbili, pamoja na chakula cha jioni, vibakuli kumi na kimoja, kila kimoja na kitu kimoja: kipande cha samaki, jani, uyoga uliokaa peke yake kwa heshima zake. Cheruiyot alimaliza vyote kabla hajajua kwamba ameanza. Ndipo mikono ya Peninah ilipoasi. Ilivipanga vibakuli, ikavibeba, ikaitafuta jikoni mpaka ikaipata, na Bi Hisako alipotokea alimkuta mgeni wake mbele ya sinki, mikono ya joho alilovalishwa kama mgeni imekunjwa, povu mpaka viwikoni.

Bi Hisako hakupaza sauti. Alifunga bomba, akanena: "Mgeni wangu, kuhudumia wageni ndiyo kazi yangu kwa miaka arobaini. Mwanangu ameninyang'anya ufunguo wa gari. Daktari ameninyang'anya ngazi. Nawe umetoka kwako kuja kuninyang'anya vyombo? Nimezeeka, naam, lakini bado nipo."

Peninah akaona aibu mpaka masikio yakamuwaka. Alimkumbuka mzee mmoja kule Lidcombe ambaye kila asubuhi yeye humfunga vifungo vya shati, kwa kuwa mzee akijifunga mwenyewe huchukua dakika kumi, na Peninah ana nne tu. Mzee yule huwa hasemi neno. Peninah alidhani kimya kile ni shukrani.

"Nisamehe, Mama," akasema, akakausha mikono, akarudi chumbani, akakaa.

Hapo ndipo vita vyenyewe vilipoanza. Bi Hisako aliingia na chai ya mwisho, birika likimtetemeka mkononi, na Peninah akaikalia mikono yake yote miwili. Tone moja likaanguka mkekani. Tone zima, enyi watu, na kitambaa kilikuwa karibu! Hakukigusa. Kisha bibi akaanza kuinuka, mguu mmoja kwanza, akapumzika, magoti yakilia, na mafunzo yote ya kuinua wagonjwa yakampigia Peninah kelele kichwani, na moja-mbili-tatu ikamjaa mdomoni.

"Shikilia hapo, Mama Kiprop," Cheruiyot akanong'ona, jasho likimtoka. "Shikilia."

Akashikilia. Na Bi Hisako akasimama mwenyewe, akanyooka, akatabasamu. Peninah akautoa mkono mmoja, akaonja. Chai haikuwa na maziwa wala sukari, ilikuwa chungu kama dawa, naye aliinywa yote huku machozi yakimtoka kwa raha ya kuhudumiwa.

Andikeni basi, enyi waandishi wa mambo makuu, mweke tarehe na muhuri: kwamba Jumamosi hiyo, saa moja na robo jioni, Peninah alimwona mtu akifanya kazi mbele yake, na hakumsaidia. Hapakupigwa tarumbeta, na huko nje mabasi ya barabara ya Crown Street yaliendelea kupita kana kwamba hakuna lililotokea. Na Bi Hisako alipofika mlangoni, shujaa wetu akanyoosha kikombe kitupu bila kuinuka, akatamka neno ambalo hakuwahi kumwambia mtu tangu ashuke kwenye ndege.

"Mama, niongezee kidogo."