Malalamiko Kuhusu Wageni Wanaoingia Jikoni Kwangu

Mheshimiwa Meya wa Saint-Aubrin,

Natumaini wewe na familia hamjambo, na kwamba kuvuna zabibu hakujakumaliza mgongo. Mimi sijambo kidogo tu, na sababu nitaieleza.

Ni mimi Fulbert Chassagnon, fundi mapipa mstaafu, wa ile nyumba ya mbao iliyopinda mkabala na kanisa. Ilijengwa miaka mia tano iliyopita, na kwa kosa hilo naadhibiwa mimi.

1. Mwezi Mei watalii walianza kuupiga picha mlango wangu. Niliwaacha. Ni mlango mzuri.

2. Mwezi Juni mume na mke kutoka Ubelgiji waliufungua. Nilikuwa nakunywa supu ya vitunguu. Walinitazama kwa adabu, kisha mke akamnong'oneza mumewe, "Angalia, huyu hata anapumua." Nikajua wamenidhania sanamu ya makumbusho. Nikaona haya kuwaharibia safari, nikakaa bila kutikisika mpaka supu ikapoa.

3. Bi Perrine, anayewatembeza wageni, sasa huwaleta kila siku saa tano. Huwaambia kwamba kitanda changu alikilalia askofu. Kitanda hicho tulikinunua mnadani mimi na marehemu Solange, mke wangu. Nilipomlalamikia alinijibu, "Mzee Fulbert, wewe kaa tu hapo hapo, unapendeza."

4. Jumanne waliionja siki yangu ya saladi wakidhani ni divai. Mjerumani mmoja aliizungusha kwenye glasi, akafumba macho, akatangaza kwamba zabibu zake zimeota kwenye mteremko wa kusini. Tangu hapo wenye mashamba wawili wamekuja kuniuliza siri yangu.

Kwa hiyo naomba baraza litangaze kwamba nyumba yangu ilijengwa mwaka 1974. Ikishindikana, kanisa libomolewe, maana ndilo linalowavuta. Likishindikana hilo nalo, mji wote uhamishwe kilomita tatu, niachwe hapa peke yangu kwa amani.

Nisalimie madiwani wote, hata yule aliyenipigia kelele kwenye mkutano wa maji taka.

Wako mtiifu,
Fulbert Chassagnon

Nyongeza: Barua hii imekaa mezani siku nne kwa kukosa stempu. Katika siku hizo Perrine amewahamishia wageni kwa jirani yangu Ghislaine, ambaye nyumba yake haina hata miaka arobaini. Mimi kila asubuhi nanyoa ndevu, navaa koti la marehemu baba, nakaa. Saa tano inapita. Tafadhali ichane barua hii, umwagize Perrine awarudishe kesho, hata wale wasiosalimia.