Mstari Unaokata Pua

Jumatatu, 6 Oktoba 1997

Televisheni nne zimesimama! Mbili chini, mbili juu. Baba Julia alizinunua kwa watu wa sabuni waliokuwa wakitembeza matangazo kwa lori, pamoja na sanduku lao la kugawa picha, kisha akarudi zake Tunduru kuchimba mawe ya thamani. Sanduku linachukua picha moja ya video, linaikata vipande vinne, kila televisheni inapewa chake. Ukikaa mbele unaona mtu mkubwa kama mlango.

Ila kuna tatizo. Kila televisheni ina fremu yake nyeusi. Zikikutana zinafanya mstari wa kusimama na mstari wa kulala, tena minene. Mcheza karate jicho moja liko huku, jingine kule, mdomo umebaki chini peke yake. Akipigwa ngumi ya pua huoni pua.

Jumamosi Mzee Fakihi anakuja kutazama. Ghala lake la korosho liko tupu tangu wanunuzi binafsi waingie na maghala yao, na sasa anataka kumpa mtu wa video. Tunaligombea wawili: mimi, na Bi Mwanaisha, yaani Mama Shamila, mwenye kibanda pale sokoni chenye televisheni moja ndogo. Nyuma ya ghala kuna chumba. Nikipata, mimi na Julia tunabaki Newala. Nikikosa, mwenye nyumba anachukua chumba chake mwisho wa mwezi, na mama mkwe ameshatuma salamu kwamba jembe langu lipo kwake Lupaso, limeegemea ukuta, linanisubiri.

Julia amelala mapajani naandika. Hatuendi, mwanangu. Ni mistari miwili tu! Kweli mtu ashindwe na mistari?

Jumanne, 7 Oktoba

Nimepata dawa. Karatasi nyeupe! Nimekata vipande vyembamba, nimekoroga uji mzito wa unga wa muhogo, nimebandika juu ya fremu zote. Weusi umekwisha. Nikawasha. Mstari ukawa mweupe badala ya mweusi, lakini angalau unapendeza.

Mchana nikaenda kumnyonyesha Julia. Kurudi, sisimizi! Wamekuja kula muhogo. Wanapanda safu safu, wengine wanashuka, wanapishana kwa adabu. Majirani niliowaita kujaribu macho hawakutazama karate hata kidogo, walitazama sisimizi. Jirani mmoja akauliza kama hiyo nayo ni sehemu ya filamu.

Zamani mstari ulikuwa umetulia. Sasa unatembea.

Jumatano, 8 Oktoba

Leo nimemwita Muharami, fundi redio. Amekuna kichwa, akasema njia ni moja: kuvua makasha yote ya plastiki, vioo vigusane vyenyewe. Nikamwuliza kama kuna hatari. Akasema hatari ipo kwa mtu mwoga.

Akavua. Jamani, picha! Mstari ulibaki mwembamba kama uzi. Nilipiga kigelegele. Ndipo Julia akaniponyoka, akatambaa mbio kwenda kushika zile nyaya zinazong'aa. Sijui niliruka vipi. Nilimdaka kwa nepi. Wakati huohuo kitu ndani kikasema tap! na Muharami akarushwa mpaka kwenye mtungi. Alipoinuka akasema ni kawaida.

Nikamwambia arudishe makasha yote, sasa hivi, na kila skrubu mahali pake. Akaninung'unikia kwamba nimeitupa kazi nzuri kwa ajili ya nepi. Nikamjibu kwamba ghala lipo, lingine litajengwa, lakini Julia ni huyu huyu. Usiku nilimhesabu vidole mara mbili. Vyote vipo.

Alhamisi, 9 Oktoba

Shuka! Kwa nini sikufikiri tangu mwanzo? Nimening'iniza shuka jeupe mbele ya televisheni. Likiwa kavu halipitishi kitu. Nikalilowesha ndoo nzima, likapitisha. Na mistari imepotea kabisa! Imepotea pamoja na watu. Imebaki rangi rangi tu inayotikisika, kama mtu anafua kanga ng'ambo ya ukungu.

Tena kibaya zaidi, Mama Shamila alikuwa anapita akaniona na ndoo. Alisimama barabarani akapaza sauti mtaa mzima usikie: “Mama Julia! Newala hii watu wanaoga kwa kikombe, wewe unaogesha televisheni?”

Wakacheka wote. Hata mwanamke aliyenibebea hayo maji kutoka bondeni alicheka, kisha akaacha kucheka, akaniangalia.

Sitamjibu. Jibu langu ni Jumamosi.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimepata! Tena haina gharama. Kasoro si ya televisheni. Kasoro ni ya macho!

Nilisimama mbali, kule kwenye kichanja cha vyombo, nikafumba macho nusu. Mistari haipo. Na Mzee Fakihi ana mtoto wa jicho miaka sasa, kila mtu anajua. Wiki iliyopita alimwamkia mbuzi wangu. Nitamkalisha pale karibu na kichanja, kiti chenye mto, bilauri ya uraka, pombe ya mabibo, iwe karibu. Hapana, uraka hanywi. Chai. Ataona mtu mkubwa, mzima, basi, ghala letu.

Sijapata kumuona wiki hii. Wanasema kaenda Ndanda. Sikuuliza kufanya nini.

Jumamosi, 11 Oktoba

Alikwenda Ndanda kupasuliwa macho.

Kafika saa kumi, kanzu nyeupe, miwani myeusi. Nikapiga goti, shikamoo mzee. Marahaba. Akavua miwani, akanitazama uso mzima akasema kumbe Mama Julia ni mtoto mdogo hivi, siku zote alidhani mimi ni mtu mzima mwenye mwili.

Nikamwonyesha kiti cha mbali. Akakibeba mwenyewe! Akakiweka mbele kabisa, magoti yanagusa televisheni. Akasema miaka yote ametazama dunia kupitia mfuko wa plastiki, leo hakai nyuma ya mtu.

Nikawasha. Akatazama. Akanyoosha kidole akapitisha juu ya mstari, taratibu, kushoto kwenda kulia.

Akauliza huyu mama wa kwenye picha kakatwa na nani.

Nikasema ni mtindo wa kisasa. Akauliza tena, na msalaba huu katikati, hii ni video ya kanisani? Nikasema hapana mzee, ni kama dirisha. Akasema, “Basi nifungulie, mwanangu.”

Mama Shamila alikuwa mlangoni. Alicheka mpaka akashika nguzo. Mzee akaenda kibandani kwake, akatazama kile kitelevisheni, akatoka akasema ni kidogo lakini mtu ana kichwa chake chote. Ghala kampa yeye.

Nimefunga nguo za Julia kwenye kitenge. Amezifungua zote, anacheka. Nikafunga tena, na machozi yananitoka.

Jumapili, 12 Oktoba

Mama Shamila kaja asubuhi. Nilidhani kaja kucheka mara ya pili. Hakucheka. Akamchukua Julia akampakata, akasema ghala lile ni refu, amewasha televisheni yake kule mbele na watu wa nyuma wameuliza kama imewashwa. Akasema nilete zangu nne, kila moja kwenye nguzo yake, bila lile sanduku, kila moja picha nzima. Mapato tutagawana. Chumba cha nyuma akae nani? Mimi na Julia, maana yeye ana kwake.

Nikamwambia nitafikiri. Nikafikiri mpaka alipofika kwenye geti, nikamkimbilia nikamkumbatia.

Hatuendi Lupaso!

Jumatatu, 13 Oktoba

Tumehamia. Kila nguzo televisheni, kila televisheni mtu mzima. Watu wamejaa, hakuna anayelalamika. Mama Shamila amenipikia pilau.

Mchana nimelala na Julia ndani ya chandarua. Nikawa natazama mlango. Nikauona mlango wote. Nikashtuka, nikakaa. Chandarua kina nyuzi maelfu na hakuna hata mmoja ninaouona!

Kumbe nilikosea hesabu. Mistari haikuwa mingi. Ilikuwa MICHACHE! Miwili ndiyo inayoonekana. Ikiwa mia itapotea yenyewe.

Nimemwandikia Baba Julia alete televisheni nyingine, ndogo ndogo, kadiri atakavyopata. Tutaanza kwa kuzibananisha hizi tano, ya Mama Shamila tukiiweka katikati. Yeye bado hajui. Alhamisi anakwenda msibani Masasi, na Muharami amesema siku hiyo ana nafasi.