Ombi la Kuahirisha Harusi ya Sabra kwa Sababu ya Draiva ya Printa

Chamwino, Morogoro
Jumatano

Kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Harusi,
Shemeji Mwinjuma,

Shikamoo. Mimi katibu wako, na mjomba wa bibi harusi, naomba kwa unyenyekevu na hasira harusi ya Jumamosi ya wiki ijayo iahirishwe kwa wiki mbili. Sababu ni draiva, yaani ile programu ndogo inayofanya kompyuta na printa zielewane. Hazielewani. Malalamiko yangu ni haya:

1. Jumatatu nilimaliza kuandika kadi 48 za wazee wa Matombo, kila moja na jina la mwenyewe. Nikaamuru zichapwe. Kompyuta ikajibu zimechapwa. Printa, taa ya kijani inawaka, haikutoa hata karatasi. Nimejenga nyumba mbili kwa matofali niliyofyatua mwenyewe; sijawahi kuona tofali linalodai limekauka huku bado tope.

2. Nikafuta draiva, nikaweka nyingine. Programu ya kuandikia ikavuruga mpangilio, ikampeleka bwana harusi ukurasa wa pili, peke yake. Nimemrudisha, ila kwa herufi ndogo kuliko za maelezo ya maegesho ya magari. Yusuph anisamehe.

3. Nimeamuru mara tisa: Jumatatu mara tatu, jana asubuhi mara sita, ya mwisho kwa kupiga meza. Mke wangu Asia akachungulia mlangoni: "Baba Faraja, hebu iamkie shikamoo, labda ni mkubwa wako." Nikaiamkia. Haikuitika.

4. Wazee wetu unawajua, hawaji kwa ujumbe wa simu. Kadi moja, mtu mmoja, mkononi. Bila kadi hakuna wazee; bila wazee ukoo haujamtoa mtoto. Kwa hiyo draiva imezuia ndoa, jambo ambalo hata wewe baba mzazi hukuthubutu, ingawa Yusuph hukumpenda mwanzoni. Jana Sabra aliniuliza, macho yamemjaa machozi, kama babu zake watakuja. Nikamjibu suala linashughulikiwa.

5. Utasema niandike kwa mkono. Nimepiga hesabu: kadi moja dakika 11, zote saa nane na dakika 48. Siku moja tu. Lakini nilisimama mbele ya kamati nikatamka kwamba steshenari hatuihitaji, kompyuta nimejifundisha mwenyewe, na mkapiga makofi. Leo nionekane na kalamu? Afadhali maharusi wasubiri. Wao wana maisha mazima ya kuwa pamoja. Mimi nina jina moja.

Nangoja uamuzi wa kamati. Nisalimie dada yangu, watoto, wajumbe wote, na mpishi. Mwambie asikusanye kuni kwanza.

Wako katika mateso ya kiufundi,
Hamza, Katibu

N.B. Bahasha nilishaifunga, nimeifungua tena. Hafidhi, mwenye steshenari ya ukuta wa pili, ambaye tunachangia intaneti, amekuja kunishukuru kwa kumpa kazi. Draiva ni nzima. Mimi ndiye niliyechagua printa yake kwenye orodha ya kompyuta, maana ni ya aina moja na yangu. Kadi zote 432 zimetokea kwake, naye jana mchana akaziwahisha Matombo kwa gari la ndizi. Mzee Ahmadi ameshapiga simu: kadi zake tisa amezipata, anashukuru kwa heshima hiyo kubwa, anakuja na wanawe wanane. Wenzake 47 bado wanachagua watu wao. Harusi isiahirishwe. Naomba tu kamati itafute masufuria zaidi, na katibu mwingine.